Kwaresima, Ramadhani na Sahani ya Mama

Sipendi mazungumzo ya dini yanayoanza kwa kutangaza kwamba sote ni wamoja. Nimefundisha falsafa kwa miaka mingi katika shule ya sekondari hapa Kisangani, na nimejifunza kumwogopa mtu anayefuta tofauti kabla ya kuzisoma. Mwislamu si Mkatoliki aliyevaa kofia, na ndugu zetu wa makanisa ya uamsho si Wakatoliki walioishiwa na subira. Kila mmoja ana namna yake ya kusimama mbele za Mungu, na namna hiyo ina masharti yake, ina saa zake, ina gharama yake. Anayesema kwamba yote ni mamoja, mara nyingi ni mtu asiyegharimiwa na lolote kati ya hayo. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu hivyo, na bado nawaambia. Lakini mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilipokutana, nyumbani kwetu katika mtaa wa Kabondo palitokea jambo ambalo limenifanya niyaseme hayo kwa sauti ya chini kidogo.

Tunaishi katika parseli, ndivyo tunavyokiita hapa kiwanja chenye nyumba zaidi ya moja ndani ya uzio mmoja. Nyumba ya mbele ni yangu na mke wangu. Watoto wetu wamekua na wanasoma mbali. Nyumba ya nyuma ni ya jirani yetu Mwislamu, fundi cherehani, mtu mnene mwenye mizaha, ambaye mashine yake huanza kunguruma kabla sijamaliza kunyoa ndevu. Mke wake hupika vizuri kuliko inavyofaa kwa amani ya majirani. Kando ya lango kuna chumba chenye mlango wake, na humo amepanga mjane anayeongoza kikundi cha maombi cha kanisa moja la uamsho. Cheo cha uchungaji hajapewa na mtu, lakini mtaa mzima humwita Mama Pasta, naye huitika.

Kwa hiyo asubuhi zetu zina mpangilio. Simu ya fundi hutoa adhana, Mama Pasta hujibu kwa haleluya zinazotikisa mabati, nami huketi kitandani na rozari yangu nikimwomba Mungu, pamoja na mengine, anijalie uvumilivu.

Mwanzoni mwa mwaka huo mama yangu aliletwa kwangu kutoka Yanonge kwa boti ya mbao, akiwa amejikunja kama nguo iliyokamuliwa. Homa ya tumbo ilikuwa imetoboa utumbo wake. Alifanyiwa upasuaji, akakaa hospitali, kisha tukamleta nyumbani na mshono mrefu tumboni na mfuko wa dawa. Daktari, kijana mwenye maneno machache, alitueleza mbele ya kitanda chake:

"Ale kidogo kidogo, lakini ale mara nyingi. Asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Dawa hizi zisikute tumbo tupu. Mwili wake hauna akiba hata kidogo. Asipokula, huu mshono utaachia, na mimi sitaki kumfungua tena mama wa umri huu."

Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini hataki.

Wiki ile ile Kwaresima ilianza, na Ramadhani ikaanza nayo. Fundi alikuja barazani kwangu na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Prof, mwaka hii mufungo wangu wote ninauweka kwa mama. Kila futari, dua ya kwanza iko yake."

Mama Pasta alisikia, maana Mama Pasta husikia kila kitu. Akatoka chumbani mwake akifunga kitenge vizuri. "Na siye kikundi tumeamua. Tutafunga kila siku mpaka saa tisa. Ile shetani ya tumbo itatoka, itake isitake!"

"Ilikuwa bakteria, Mama," nikamwambia.

"Na bakteria iko ya nani, Prof?"

Fundi alicheka, lakini, nikiwa mkweli, swali lenyewe halikuwa jepesi. Nikawaambia kwamba mimi pia nimeweka nia. Kanuni za Kanisa langu hazidai mengi siku hizi, nimejiwekea zangu. Katika Kwaresima nakula mara moja, usiku unapoingia, chakula kisicho na nyama, na sizungumzi habari hiyo na mtu. Mwaka huo niliyatoa yote kwa ajili ya mama. Nilikwenda kumwambia, nikidhani namletea faraja. Alinishika mkono.

"Bote munafunga juu yangu?"

"Wote, mama."

"Merci, mutoto wangu," akasema, na tangu saa hiyo akaacha kula.

Hatukutambua mara moja. Mgonjwa akikataa sahani moja, unadhani ni uchungu wa dawa. Akikataa ya pili, unadhani ni mpishi. Mke wa fundi, aliyekuwa nyumbani mchana wakati mke wangu yuko soko kuu akiuza vitenge, alimpikia uji wa mchele, alimpikia samaki wa kufungwa katika majani bila pilipili, alimpondea ndizi akamtengenezea lituma laini, chakula ambacho mama huyu alikitafuna maisha yake yote. Mama alimeza vijiko viwili ili dawa zipite, akasukuma sahani.

"Hapana. Bado."

"Bado nini, mama?" jirani akamwuliza. "Sema nini unapenda, nitapika."

"Weye umekula?"

"Miye niko na mufungo, mama."

"Bon. Beba sahani yako."

Mifupa ya mabega yake ilianza kuonekana kupitia blauzi. Muuguzi aliyekuja kusafisha kidonda alikitazama mara mbili, akasema pembeni kwamba kona moja ya mshono haipendezi. Nikaona kwamba wakati wa adabu umepita. Nikamkalisha mama barazani na kumwuliza, kwa ukali ambao mtoto hatakiwi kuwa nao kwa mzazi, kwa nini anataka kutuacha.

Hakukasirika. Alijifunga blanketi, akanieleza kama anavyoeleza mtu asiyeona sababu ya kueleza jambo lililo wazi.

"Umesahau kwetu? Wanaume bakiwa mu maji, libongo hakuna mutu anatia kitu mu kinywa. Hata mutoto anangojea. Hata mama mwenye mimba. Unawezaje kukula samaki, na mwenye kuivua angali anapigana na mukondo? Mitumbwi ikirudi, tunakula bote."

Nilikumbuka. Libongo ni pale ukingoni mitumbwi inapofungwa, na katika familia ya mama, ambao wote ni watu wa nyavu na wa biashara ya mto, desturi hiyo haikuwa na mjadala. Nikiwa mtoto wakati wa likizo niliwahi kulia kwa njaa kwenye ukingo huo, na nyanya akaninyamazisha kwa jicho moja.

"Donc," mama akaendelea, "sasa ninyi bote muko mu maji juu yangu. Weye, na papa fundi, na bibi yake, na wale bamama ba kuimba. Na miye niko libongo. Nitakula namna gani? Niko mutu mubaya?"

Nilifanya anachofanya kila msomi aliyeshindwa na mama yake: nilikwenda kutafuta hoja. Nilimweleza kwamba Kanisa linawasamehe wagonjwa kufunga, na nikampa sababu zake kwa mpangilio mzuri, kutoka za kimwili hadi za kiroho. Nikamwita fundi, naye akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mama, kwetu iko vilevile. Mugonjwa haifungi. Mungu mwenyewe ameruhusu. Ukijilazimisha, si vizuri."

Mama Pasta hakungoja kuitwa. "Mama, hata miye Roho ananiambia. Anasema, huyu mama akule lituma."

Mama aligeuza shingo. "Roho Mtakatifu anajua lituma?"

"Anajua yote."

"Atie na chumvi kidogo, basi. Ya juzi ilikuwa bure."

Tukacheka, mama naye akacheka huku ameshika tumbo lake, na kwa dakika moja nilidhani tumeshinda. Kisha akafuta macho.

"Minasikia bote. Munasema vizuri. Mugonjwa asifunge. Lakini miye sifungi. Miye nangojea. Nani kati yenu iko na kitabu ya kukataza mutu kungojea?"

Mkatoliki, Mwislamu na mlokole, kila mmoja alivipekua vitabu vyake kichwani. Fundi alirudi kwenye mashine yake bila mzaha hata mmoja.

Sasa lazima nieleze kosa letu, ambalo nadhani ni watu wenye adabu ya kwetu tu wanaoweza kulifanya. Sote tulikuwa tunakula. Hakuna mfungo kati ya ile mitatu usiokuwa na saa yake ya kufungua. Lakini kila mmoja wetu, kwa heshima, alikuwa amejificha. Mimi nilikula chumbani, mlango nimeufunga, kwanza kwa sababu Injili inatufundisha kutoonyesha mfungo wetu kwa watu, na pili kwa sababu niliona ni ukatili kutafuna samaki mbele ya mgonjwa. Mke wangu alikula sokoni na kurudi akiwa amejifuta midomo. Fundi, ambaye miaka yote alitandika mkeka wa futari upande wetu ili tusikie harufu na kumwonea wivu, mwaka huo aliuhamishia nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha jiko, ili kelele za watoto wake zisimsumbue mama. Mama Pasta na kikundi chake walifungulia kanisani kwao. Mama yangu aliketi barazani siku nzima katikati ya watu wazima wenye afya na hakuona hata kinywa kimoja kikitafuna. Kwa hesabu yake, sisi wote tulikuwa bado majini, na mto ulikuwa hauturudishi.

Kilichotuokoa ni mvua. Jioni moja ilitoka upande wa mto Tshopo ikaanguka kwa pamoja, kama mtu anayemwaga beseni. Kibanda cha jiko cha fundi kina paa la majani na turubai, na vyote viwili vilijisalimisha. Nilisikia vishindo vya miguu, nikatoka chumbani nikiwa tayari kukemea. Nikakuta familia nzima ya fundi barazani kwangu: watoto wamebeba vikombe kichwani, mke wake amekumbatia sufuria, fundi mwenyewe ameburuta mkeka unaotiririka maji.

"Pardon, mama, pardon mingi! Mvua imetufukuza," akawa anasema. "Tutakaa hapa kona, hatutapiga makelele."

"Kaeni," akasema mama.

Walikaa. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba adhana ya simu ilisikika kama mbu. Fundi akainua mikono, akaomba, na kati ya maneno ya Kiarabu nilisikia akimtaja "mama yetu". Kisha akachukua tende, akaitia mdomoni, akafumba macho. Akanywa maji, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyefika. Mke wake akafungua sufuria, mvuke wa uji wa mchele wenye tangawizi ukapanda, watoto wakaanza kugombania maandazi.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, kinywa kwa kinywa.

"Mumemaliza leo?" akauliza.

"Tumemaliza, mama. Mpaka kesho."

"Bote?"

"Bote, mama. Hata huyu mudogo, yeye alimaliza tangu saa nne asubuhi. Nilimukuta na mukate mu mufuko."

"Alors munangojea nini?" Mama akanyoosha mkono kutoka ndani ya blanketi. "Munipatie."

Mke wa fundi akamimina uji kwa haraka mpaka ukamwagika mkononi mwake, na mama akaunywa, akaomba tena, akala kipande cha samaki, akamwambia mpishi kwamba safari hii chumvi imetosha. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na kiatu kimoja mguuni, bila kukumbuka nilitaka kumkemea nani.

Kesho yake mchana alikataa chakula kama kawaida. Jioni, mkeka ulipotandikwa mbele yake, alikula. Hapo hata mwalimu wa falsafa aliweza kuelewa. Niliwaita majirani nikawaeleza desturi ya ukingoni, na jinsi heshima yetu ilivyokuwa inamuua mama polepole. Fundi alicheka hadi futi ikamdondoka shingoni.

"Donc miye nilihama na mukeka yangu, na watoto, na sufuria, tunakula mu moshi kama bakimbizi, juu mama asituone, na yeye alikuwa anatutafuta?"

"Kumbe ni kurudi mbele ya macho yake," akasema mke wake. "Ni hiyo tu."

Jioni moja haikutosha, hata hivyo. Daktari alitaka mara nne. Na hapo ndipo tofauti zetu, ambazo nimezitetea maisha yangu yote kwa sababu nyingine kabisa, zilipoanza kufanya kazi ambayo sikuwahi kuzifikiria kuwa nayo. Futari ilikuwa ya jioni, na hiyo tulikuwa nayo. Alasiri ilikuwa ya Mama Pasta: kikundi chake kitakuja kufungulia barazani kwetu saa tisa, badala ya kanisani. Asubuhi, mke wa fundi alisema, kuna daku. Mama huamka hata kabla ya adhana, atakula nao kabla hawajaanza siku. Nilitia shaka kama mama angekubali, kwa kuwa watu wa daku hawarudi bali wanaondoka. Tulimwuliza, akafikiri.

"Mutu anaenda mu maji lazima akule kwanza. Nitamusindikiza," akasema, na hilo likapita.

Ilibaki saa sita mchana. Wote wakanigeukia mimi.

Nilijitetea. Nilisema mfungo wangu ni nadhiri, na nadhiri haihamishwi kama mkeka. Nilisema naweza kukaa karibu na mama mchana nikamsomea Zaburi. Nilisema kwamba mke wangu anaweza kurudi kutoka sokoni, naye akaniuliza nani atauza vitenge, Zaburi?

Mama Pasta akaweka mikono kiunoni. "Prof, miye nakuuliza. Ile unamupatia Mungu ni nini: njaa yako, ama mama yako?"

"Ni toba, Mama. Si njaa."

"Ekuu! Basi toba hiyo ikuje hapa saa sita, na kijiko."

"Hata anayekula, Mungu anamuona, Prof," fundi akaongeza kwa upole. "Miye anionaka kila siku, hata nikijificha nyuma ya sufuria."

Mke wangu hakusema ila neno moja: "Utakula."

Kesho yake saa sita kasoro nilitoka shuleni, nikapanda toleka, baiskeli za abiria za mji huu, na kijana akanikanyagia hadi nyumbani chini ya jua la utosini. Wenzangu walikuwa wamezoea kuniona nimekaa chini ya ubao wa matangazo na kitabu wakati wao wakila mihogo. Waliponiona nakimbia mchana wa Kwaresima, na kurudi na harufu ya samaki, hawakuniachia.

"Monsieur le Professeur, Pasaka imefika kwako mbele?"

"Mumuache, bado iko naumwa na toba!" mwingine akadakia.

Sikuwaeleza. Kwa miaka nilikuwa nimeficha kwamba nafunga, lakini niligundua kwamba nilitaka wajue ninavyoficha. Kuonekana mlafi kwa ajili ya mtu mwingine ni zoezi la kiroho ambalo halimo katika vitabu nilivyosoma, na nalipendekeza kwa kila mwenye sifa ya kujinyima.

Mchana wa kwanza nilikaa mbele ya mama, nikakata tonge, nikalitafuna huku nikitazama ukuta. Mama hakugusa chakula chake.

"Unakula kama mutu anakunywa dawa," akasema.

"Nakula, mama."

"Kula kama mutu amerudi!"

Ikanibidi nile hivyo. Nilikula samaki na lituma yangu kwa mikono miwili, nikalamba vidole, nikaomba nyongeza. Na katikati ya sahani nikatambua kwamba siigizi tena. Mama aliridhika, akavuta sahani yake. Tulikula pamoja mchana ule, na mchana uliofuata, na akaanza kunisimulia habari za baba yake na za mto ambazo katika miaka yote ya kumtumia fedha na kumsomesha mafundisho sikuwahi kuzisikia, kwa kuwa sikuwahi kukaa naye bila kuwa na la kusema.

Saa tisa sikuwa nyumbani, namshukuru Mungu, kwani kikundi cha Mama Pasta kilifungulia mfungo kwa ngoma. Jumamosi tu ndiyo ilinikuta. Waliimba kwa Lingala na Kiswahili, wakaamuru ugonjwa uondoke kwa jina la Yesu, kisha wakashambulia sufuria ya wali na maharagwe kwa bidii ile ile. Fundi, kwenye mashine yake, alikanyaga kwa kufuata ngoma bila kujijua. Mama alikula kati yao akipiga makofi kwa mkono mmoja. Mimi niliketi chumbani na pamba masikioni, na sitasema kwamba nilianza kuzipenda ngoma hizo, sikuzipenda. Lakini nilitoa pamba kidogo ili nisikie sauti ya kijiko cha mama.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kama sote tungekuwa wa dini moja, wenye saa moja ya kuomba na saa moja ya kula, mama angekula mara moja kwa siku, na daktari amekwisha kusema mara moja haitoshi. Sijui la kufanya na wazo hilo katika falsafa. Nimelitoa darasani, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kama mitihani nayo ifanyike kwa zamu.

Ramadhani ilipokaribia mwisho tulimrudisha mama kwa daktari. Alitembea mwenyewe kutoka langoni, amevaa kitenge kipya alichoshonewa na fundi. Mke wa fundi alikuja, Mama Pasta alikuja, nami nikaja. Daktari akafunua kidonda, akakigusa pembeni, akakifunika tena.

"Kimepona," akasema. "Na amenenepa. Nani alikuwa anamlisha?"

"Ni dua," akasema mke wa fundi.

"Ni jina la Yesu!" akasema Mama Pasta. "Tulifunga, tukapiga ngoma, ikatoka!"

"Ni neema, pamoja na lishe," nikasema mimi, nikidhani nimekuwa wa wastani.

"Hapana, Prof, usichanganye. Siye ndiyo tulikemea."

"Mulikemea saa tisa. Asubuhi nani alikuwa naye?" mke wa fundi akadakia.

Mabishano yalitoka nasi hadi kwenye korido, wagonjwa wengine wakanyanyua shingo. Daktari alijaribu kusema kwamba kwa upande wake anaona ni chakula, na Mama Pasta akamwuliza chakula hicho kilitumwa na nani. Mwishowe mama akapiga sakafu kwa kandambili yake.

"Mwenye kutaka sifa akuje nyumbani kwanza, aoshe masahani. Ziko mingi."

Kila mmoja alibaki na imani yake nzima, na sioni kwamba ilipungua kwa kuwa karibu na za wengine.

Idi ilikuja, fundi akachinja mbuzi, mkeka ukajaa watu wa kila namna. Mimi bado nilikuwa na Kwaresima, na sasa mama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa majini tena kwa ajili yake, alikula bila kungoja mtu, saa yoyote, akisimama jikoni na kudokoa. Nilifikiri nitarudia mfungo wangu kama zamani. Nilirudia, kwa siku chache.

Kisha tukasikia kwamba mama mmoja wa barabara ya nyuma, Mprotestanti, mke wa baharia mmoja wa boti za mto, amelala baada ya homa ndefu na hataki kula. Kanisa lake lilikuwa linafunga kwa ajili yake. Mama Pasta alikuwa tayari anakusanya kikundi chake wafunge pia, na fundi aliuliza kama siku sita za baada ya Idi anaweza kuziweka kwa mgonjwa huyo.

Mama aliwasikiliza wote. Hakuwapinga. Aliingia jikoni, akafunga samaki watatu katika majani, akatia lituma kwenye sufuria, akafunika.

"Beba," akaniambia.

Ilikuwa karibu saa sita. Nilibeba. Alitangulia, polepole lakini bila fimbo, akiwasalimu watu wa kulia na kushoto, nami nyuma yake na sufuria ya moto iliyokuwa inachoma vidole vyangu kupitia kitambaa. Tulimkuta mgonjwa amegeukia ukuta, ndugu zake wawili wamekaa kwenye viti wakisali kimyakimya, midomo mikavu. Walisimama kwa heshima, wakidhani tumekuja kuungana nao.

"Mama, karibu. Umekuja kuombea?"

"Hapana," akasema mama yangu, akivuta kigoda hadi karibu kabisa na kitanda. "Ninyi munaomba vizuri, endeleeni. Miye nimekuya kukula."

Akaketi. Akafungua majani, harufu ya samaki ikajaa chumba. Alikata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu bila kumtazama mtu. Akaniashiria kwa kidevu, nami nikaketi sakafuni, nikala, mchana wa Kwaresima, mbele ya Waprotestanti. Ndugu wa mgonjwa walitutazama kwa mshangao uliokuwa unakaribia kuwa hasira.

Tulikuwa tumefikia samaki wa pili pale mgonjwa alipogeuka kutoka ukutani. Alitazama sahani, akamtazama mama, akatazama sahani tena.

"Ile samaki," akasema kwa sauti kavu, "nani alipika bila pilipili?"